Mtazamaji Pekee wa Hotuba ya Mtukufu

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina, si kwa woga bali kwa heshima. Wanaoijua watanyamaza kama walivyozoea, na wasioijua nawaomba wasijisumbue kuitafuta, maana inaweza kuwatafuta yenyewe. Katika nchi hiyo alikuwako mhandisi mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na minne, jina lake Asteria Lugoye, aliyefanya kosa la kusomea matangazo ya televisheni kwa bidii mpaka akayaelewa.

Nchi hiyo ilikuwa imeingia katika zama za dijitali. Iliingia kwa kishindo. Siku ya Jumanne mitambo yote ya zamani ilizimwa kwa sherehe, tarumbeta zikapigwa, na siku ya Jumatano Waziri akauliza kama mitambo mipya imekwisha wasili. Kwa miezi saba wananchi wakawa wanatazama chenga. Walipolalamika, Wizara ikawahakikishia kwamba hizo si zile chenga walizozizoea. Hizi ni chenga za kidijitali, zenye ung'avu wa hali ya juu, na mataifa jirani yanazionea wivu.

Hatimaye vikaja ving'amuzi. Kila kaya iliamriwa kuwa na kimoja, na kila kimoja kilikuwa na kadi ya simu tumboni, ambayo kila baada ya saa moja iliripoti makao makuu nyumba hiyo inatazama chaneli ipi. Lakini wakati wa Saa ya Mtukufu, hotuba ya mkuu wa nchi, king'amuzi kiliripoti kila sekunde. Kwa haraka hiyo kilipata moto kama pasi. Asteria aliandika barua rasmi kueleza kasoro hiyo. Akajibiwa kwa barua yenye mihuri miwili kwamba joto hilo si kasoro, ni uzalendo.

Saa ya Mtukufu, lazima niseme, ilikuwa ya masaa manne. Ilianza saa nane mchana na kwisha saa kumi na mbili jioni, kila siku aliyoijalia Mungu, na ilipoanza chaneli nyingine zote zilifungwa. Mtu angeweza kubofya rimoti mpaka kidole kiote sugu, asione ila uso mmoja. Mtukufu alikuwa amekwisha zungumzia kilimo, nyota, namna sahihi ya kufunga mlango, na maisha yake mwenyewe tangu akiwa na siku tatu. Alikuwa na shauku moja tu iliyobaki: kujua ni wananchi wangapi wanaomsikiliza. Ndiyo maana ving'amuzi vilinunuliwa.

Siku ya kwanza ya kuhesabu, Asteria alikaa peke yake katika chumba cha mitambo mbele ya kioo kikubwa cha kuhesabia. Saa nane kasoro dakika moja, kioo kilionyesha nyumba milioni nne na laki moja. Wimbo wa taifa ukapigwa. Uso wa Mtukufu ukatokea. Asteria akainama kuokota kalamu, na alipoinuka zilibaki nyumba elfu kumi na mbili. Mtukufu aliposema, "Wananchi wenzangu, leo nitakuwa mfupi," zikabaki mia tatu. Nchi nzima ilikuwa imezima na kutoka nje, kuanika nguo, kusukana nywele, kucheza bao. Kufika saa tisa, kioo kilionyesha nyumba moja.

Akadhani mtambo umekwama. Akauzima, akauwasha, akaupangusa vumbi. Moja. Ilikuwa nyumba ya kijiji cha Mkwenda, wilaya ya Lutale, na haikutoka mpaka Mtukufu alipowatakia wananchi jioni njema.

Kesho yake akapeleka taarifa kwa Waziri wa Picha, Sauti na Mwelekeo wa Taifa, Mheshimiwa Sifuni Mbwilo. Huyu alikuwa amewahi kuwa Waziri wa Uvuvi, wa Barabara na wa Maombi, na katika wizara zote alisifika kwa kipaji kimoja: aliweza kukubaliana na sentensi kabla haijafika mwisho.

"Haya, Mhandisi, nipe takwimu," alisema akijifuta mafuta ya sambusa. "Milioni nne?"

"Mmoja, Mheshimiwa."

"Milioni moja. Si haba kwa kuanzia."

"Si milioni, Mheshimiwa. Mmoja. Nyumba moja."

Waziri akaacha kutafuna. Akainuka, akafunga dirisha, akafunga mlango, akachungulia chini ya meza yake mwenyewe.

"Unamkumbuka Mhandisi Rwegoshora?" akauliza polepole.

Asteria alimkumbuka sana. Rwegoshora aliwahi kusema kwamba mnara mkuu wa matangazo umeinama. Mnara haukunyooshwa, aliyenyooshwa ni yeye. Kwa kuwa alikuwa mtaalamu wa mawimbi, alihamishiwa ufukoni mwa ziwa kuhesabu mawimbi, na kila Ijumaa alitakiwa kuleta idadi kamili.

"Namkumbuka, Mheshimiwa."

"Vizuri. Basi nenda kakae nje. Naitisha kamati."

Kamati ya Dharura ya Kufasiri Namba ilikutana siku tatu. Wajumbe walikuwa saba, chupa za chai tisa. Mmoja alipendekeza wananchi milioni nne washtakiwe. Mwingine akauliza watafungwa wapi, na nani atawapelekea chakula. Wa tatu, profesa wa lugha, alisinzia mpaka siku ya mwisho, kisha akafumbua macho na kutoa taarifa iliyosomwa redioni jioni ile ile: "Takwimu za kidijitali zinathibitisha kwamba asilimia mia moja ya waliokuwa wakimtazama Mtukufu saa tisa walikuwa bado wakimtazama saa kumi na mbili. Hakuna hata mtazamaji mmoja aliyeondoka."

Asteria aliisikiliza taarifa hiyo akiwa amesimama jikoni kwake na mwiko mkononi. Alitafuta neno la uongo ndani yake asilipate, na hilo ndilo lililomchefua zaidi.

Mtukufu alifurahi kupita kiasi. Alipiga simu mwenyewe. Alitaka apelekwe kwa mmoja wa hao waaminifu, yule aliye bora kuliko wote, amvalishe nishani mbele ya taifa, mubashara. Tena alitaka kioo kikubwa kisimamishwe nyuma yake, kikionyesha idadi ya wanaotazama dakika ile ile, ili wananchi waone jinsi walivyo wengi na wapendane.

Waziri akamwita Asteria. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Hicho kioo utakitengenezea kitufe," alisema. "Mambo yakiharibika unabofya, inatokea milioni tatu na laki tisa. Usiweke nne kamili. Nne kamili inatia shaka."

"Mheshimiwa, namba inatoka kwenye mtambo."

"Na mtambo una mkubwa wake, na mkubwa wake ni wewe, na mkubwa wako ni mimi. Umeolewa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi ziwa halitakusumbua sana."

Asteria akakitengeneza. Ilimchukua dakika ishirini, na aibu yake ilimkaa wiki nzima. Alipokuwa chuoni alipenda kuwaambia wenzake kwamba picha ya televisheni ni kitu cha ajabu: inavunjwa vipande milioni, inarushwa angani, na inafika upande wa pili bila kukosea hata kipande. Sasa alikuwa ameajiriwa kuhakikisha inakosea.

Akatumwa Mkwenda siku mbili kabla ya msafara, kumwandaa mtazamaji.

Alimkuta mjane wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye mikono ya kulima, akichambua mchicha kibarazani. Jina lake Nyamizi, na kijiji kizima kilimwita Bi Nyamizi. Mkuu wa wilaya alikuwa amekwisha tangulia: nyasi za uani zilikuwa zimepakwa rangi ya kijani, na juu ya bati lake lilisimamishwa dishi kubwa hata ungedhani nyumba ndiyo iliyofungwa kwenye dishi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kupaka rangi, migomba wamekwisha paka."

Asteria akajieleza. Akaomba kuona mahali Mama anapokaa kumtazama Mtukufu. Bi Nyamizi akamtazama kama mtu aliyeulizwa kuhusu ndege ya Ulaya, kisha akamkaribisha ndani.

Televisheni ilikuwapo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kulikuwa na chupa ya bizari na picha ya marehemu mumewe. Pembeni yake kilikuwako king'amuzi. Juu ya king'amuzi kulikuwa na ungo mdogo, ndani ya ungo pamba, na ndani ya pamba mayai kumi na manne.

"Mtetea wangu alichukuliwa na kicheche," alisema Bi Nyamizi. "Akaniachia mayai. Nikayaona yatakufa. Siku hiyo nikagusa hiki kisanduku, nikaona kina joto kama tumbo la kuku; tangu hapo mayai yote nayaangulia hapa. Basi. Siku nzima kinakuwa vuguvugu tu, nakifunika na blanketi, lakini yule bwana akianza kusema, ndipo kinapata joto lenyewe hasa."

"Kwa hiyo humtazami, mama?"

"Nitamtazamaje na kitambaa kiko juu? Lakini sijamzima hata siku moja. Vifaranga wale pale nje, wale wekundu, aliwaangua yeye."

Asteria akakaa kwenye kigoda. Akatoa karatasi aliyopewa na Wizara, akaanza kumsomea majibu. Akiulizwa kilichomgusa, aseme: "Ni dira yake pana." Bi Nyamizi alijaribu mara tatu, kwa nia njema kabisa. Mara ya tatu alisema "dawa yake pana," akaomba apumzike.

"Kwani nikisema ukweli kutakuwa na nini, mwanangu?"

"Sijui, mama," alisema Asteria. "Mimi mwenyewe sijaujaribu siku nyingi."

Siku ikafika. Msafara ulikuwa na magari arobaini na matatu, na la mwisho lilikuwa bado halijatoka mjini la kwanza lilipofika. Kamera zikapangwa. Kioo kikasimamishwa. Asteria akakaa kwenye meza ndogo pembeni na kompyuta yake, kitufe kikiwa chini ya kidole. Saa nane mchana matangazo yakaanza, na kioo kikaonyesha sitini na moja. Sitini walikuwa watumishi wa Wizara waliofungiwa ukumbini na ving'amuzi sitini. Mmoja alikuwa ni Bi Nyamizi.

Waziri akasimama.

"Mtukufu Mwangaza wa Taifa! Mnara wa Minara! Antena isiyopinda kwa upepo! Wewe ambaye pasipo wewe sisi sote tungekuwa chenga! Leo, mbele ya macho yako yenye ung'avu wa hali ya juu, natangaza kwamba king'amuzi cha mama huyu, king'amuzi kilichokesha mchana kutwa kikikutazama, kinachukuliwa saa hii hii kupelekwa Makumbusho ya Taifa, kikae ndani ya kabati la kioo, vizazi na vizazi vije kukiamkia!"

Makofi. Askari wawili waliovaa glavu nyeupe wakapiga hatua kuelekea mlangoni. Hilo halikuwa kwenye karatasi. Bi Nyamizi, aliyekuwa amekalishwa kwenye kiti cha dhahabu, akaruka kama mtu aliyekalia kaa, akawazuia kwa mikono miwili.

"Jamani wanangu, subirini! Bado siku mbili! Kina mayai!"

Mtukufu, mtu mfupi ambaye sauti yake ilikuwa imemzidi mwili, akacheka kicheko cha kibaba.

"Mayai gani, mama? Mpeni kipaza sauti. Taifa lisikie."

Basi Bi Nyamizi akapewa kipaza sauti, na kwa kuwa hakuwahi kukishika akazungumza kama anavyozungumza kibarazani. Akaeleza habari za kicheche, za ungo, za pamba. Kioo nyuma ya Mtukufu kikasoma mia tatu. Mtu fulani mjini alikuwa amewasha ili achungulie, akamwita jirani.

"Hotuba ndefu ndiyo nzuri," aliendelea Bi Nyamizi. "Ile ya siku ya mashujaa ilinipa vifaranga kumi na mmoja, hakufa hata mmoja. Hotuba fupi huniachia mayai viza. Na ile wiki uliyopata mafua, baba, ukawa husemi, mayai manne yaliharibika. Nilikuombea sana upone. Nilifunga siku mbili."

Elfu tisa. Laki mbili. Simu zilikuwa zinalia nchi nzima: washa, washa upesi, kuna mwanamke anasema. Waziri akampungia mpigapicha, akipitisha kiganja shingoni, kata, kata. Mtukufu alikuwa amegeuka kutazama kioo. Milioni moja. Uso wake ulikunjuka kama wa mtoto aliyeonyeshwa pipi.

"Atakayekata," alisema taratibu, "nitamkata yeye. Huoni wanavyonipenda?" Akamgeukia mama. "Endelea. Na maneno yenyewe, mama yangu? Ni lipi lililokugusa?"

Bi Nyamizi akamtafuta Asteria kwa macho. Asteria akainua mabega kidogo tu.

"Maneno sijayasikia, baba. Sauti niliizima tangu mwaka juzi. Ilikuwa inawashtua kuku."

Milioni mbili na nusu. Waziri alikuwa ameshika mti asianguke. Mtukufu hakuyasikia yaliyosemwa, au aliyasikia na hayakuweza kushindana na kioo. "Endelea, endelea!" alisema, macho yakiwa kwenye namba. Na Bi Nyamizi, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuombwa aendelee na mtu yeyote wa serikali, akaendelea. Akasema kisima cha Mkwenda kimezinduliwa mbele ya kamera mara tatu na hakijawahi kutoa maji hata mara moja. Akasema zahanati iliyoonyeshwa siku ya uhuru ni ukuta wa mbele tu, uliopakwa rangi. Nyuma yake amefunga mbuzi, na mbuzi wenyewe hunyeshewa. Akasema hana kinyongo na mtu. Milioni nne na laki moja, hakuna nyumba iliyobaki nje. Katika ukumbi ule wa Wizara, watumishi sitini walikuwa wamesimama juu ya viti.

"Basi, nimemaliza," alisema. "Naomba nikayageuze mayai." Akamrudishia Mtukufu kipaza sauti kwa mikono miwili, akaingia ndani. Askari wa glavu nyeupe wakampisha.

Mtukufu akaisogelea kamera. Machozi ya furaha yalimlengalenga.

"Wananchi wenzangu! Mmenijia! Basi, kwa kuwa leo tuko wote, niruhusuni nianze mwanzo kabisa, siku ile nilipozaliwa..."

Milioni tatu. Milioni moja. Laki nne. Namba ilishuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.

"Bonyeza!" Waziri alimnong'oneza Asteria, mate yakimrukia sikioni. "Bonyeza wewe, tutakufa!"

Kidole kilikuwa palepale. Asteria alikitazama kama kidole cha mtu mwingine. Aliona ziwa, aliona mawimbi yake yasiyo na idadi, akaogopa kweli. Kisha akaufunga mkono wake na kuuweka mapajani.

Mtukufu akanyamaza katikati ya kuzaliwa kwake. Kioo kilisoma sitini na moja.

"Mhandisi. Hii mashine ni mbovu?"

"Ni mbovu, Mtukufu!" Waziri akadakia. "Mbovu kabisa, ya kigeni, ina hujuma!"

"Nimemuuliza yeye."

Asteria akasimama. Sauti ilipomtoka ilikuwa ndogo, ila kipaza sauti kilikuwa karibu.

"Ni nzima, Mtukufu."

"Kama ni nzima, wamekwenda wapi?"

"Wamezima."

"Wamezima lini?"

"Ulipoanza kusema."

Mtukufu alifumbua mdomo, akaufumba. Alimtazama Asteria, akamtazama Waziri, aliyekuwa tayari amekwisha anza kukubali kwa kichwa bila kujua anakubali nini. Kwa mara ya kwanza tangu ashike madaraka, Mtukufu alikosa la kusema, na kamera ilikuwa inamwonyesha.

Kioo kikasoma mia tano.

Kikasoma elfu tatu. Mtu alikuwa amechungulia tena, akaona ajabu hiyo, akaita nyumba ya pili, na ya pili ikaita ya tatu. Laki moja. Laki tisa. Mtukufu aliiona namba kwa pembe ya jicho. Akakohoa kidogo ili aseme, na kwa kikohozi kile tu nyumba elfu arobaini zikatoweka. Akaubana mdomo upesi. Zikarudi, na nyingine juu yake. Milioni mbili.

Akabaki amesimama hivyo, mashavu yamemvimba, kipaza sauti mkononi, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola, hathubutu hata kulimeza lile neno lililomjaa kinywani. Waziri alitaka kupiga makofi; Mtukufu akamkata jicho, naye akaganda na viganja vyake hewani. Askari waliokuwa tayari kumkamata Asteria hawakusogea, kwa kuwa amri lazima itamkwe, na wa kuitamka alikuwa hawezi.

Bi Nyamizi akatoka ndani akijifuta mikono kwa khanga. Akalitazama lile kundi la watu waliosimama kama miti iliyopakwa rangi, akasogea kwenye meza ya Asteria.

"Mbona kanyamaza? Amemaliza?"

"Hapana, mama," alisema Asteria, akamsogezea kiti. "Ndiyo kwanza wanamsikiliza."